Idadi ya jozi za DNA haipatikani kwa kugawanya urefu na 0.34

Wiki hii nimeletewa tena hesabu ileile. Uzi wa DNA unang'aa kijani, umenyooka vizuri kwenye picha ya darubini, na pembeni kijana kaandika: maikromita 21, gawanya kwa nanomita 0.34, jibu jozi 62,000 za besi, yaani vidato vya ngazi ya DNA. Sampuli yenyewe ilikuwa lambda, DNA ya kirusi cha bakteria, ambayo ina jozi 48,502!

Wenzangu wa maabara hapa Mwanza, nawaomba tuliache hili. Hiyo 0.34 ni nafasi kati ya jozi na jozi kwenye DNA isiyotiwa rangi. YOYO-1, rangi inayoifanya DNA ing'ae, hujipenyeza katikati ya jozi na kuzitenganisha, uzi ukarefuka. Lambda ya maikromita 16 na ushee hufika 21 au 22 rangi ikikolea. Halafu kuna kuvutwa. Ukiitandaza kwa kuvuta kioo polepole kutoka kwenye bafa (kimiminika chenye DNA), huvutika hadi karibu mara moja na nusu ya urefu wake wa bila rangi, takriban jozi 2,000 kwa kila maikromita. Ukiiacha ielee, hujikunja ikawa donge. Pale mwaloni sangara hapimwi akiwa amejikunja kwenye ndoo. Hulazwa kwenye ubao ndipo ijulikane kama amefika sentimita 50. Mimi sipokei kipimo ambacho lambda haikutandazwa pamoja na sampuli, kwa rangi ileile, siku ileile. Na pimeni nyuzi nyingi, msiniletee mmoja uliopendeza.

Wengine husema DNA ina unene wa nanomita 2, hivyo darubini ya mwanga haiioni. Unene huo huuoni, kweli. Lakini usiku ziwani huoni mtumbwi wa dagaa, unaona taa yake. Kinachokwama ni vipande vya chini ya jozi 1,000: hivyo hubaki nukta, na hapo utapima wingi wa mwanga wake au urudi kwenye jeli, ambamo umeme hutenganisha vipande kwa urefu.

"Vipande vimetoka vifupi, sampuli imeoza." Huenda. Kwanza niambie nani aliitia kwenye voteksi, mashine ya kutikisa kwa nguvu, ikakatika. Ncha ya pipeti ikatwe kwa mkasi ipanuke, na uvute taratibu sana. Taa nayo hukata: rangi ikipigwa mwanga mkali penye oksijeni, uzi hupasuka palepale ukiutazama, ncha mbili zikarudi nyuma kama mshipi uliokatika. Kwa hiyo rekebisha fokasi sehemu moja, funga taa, sogeza slaidi mahali ambapo mwanga haujafika, ndipo ufungue na kupiga picha.