Furaha sio panado jamani

Jana kahawani hapa Mwanga, Kigoma mjini, mzee mmoja kaniambia tena, "Mwanangu, wazungu washapima, mwenye furaha haumwi." Nikanywa kahawa yangu nikanyamaza, ila hii nimeisikia mpaka basi.

Ukimkuta mtu ana presha na ana huzuni siku hiyohiyo huwezi kujua kipi kilitangulia, ndo maana kuna kohoti za kuzaliwa, yaani kundi la watu waliozaliwa kipindi kimoja linalofuatiliwa miaka na miaka. Uingereza waliandikisha watoto wa wiki moja ya Machi 1946, wakaendelea na 5,362 mpaka uzeeni. Dunedin kule New Zealand wako na 1,037 waliozaliwa 1972 na 1973, wanapimwa meno, mapafu, damu, kila kitu. Halafu 2015 ukatoka utafiti wa wanawake zaidi ya laki saba Uingereza (hawa waliingia ukubwani, sio kohoti ya kuzaliwa), ukishazingatia afya waliyoanza nayo, furaha haikupunguza vifo. Ugonjwa ndo ulikuwa unawanyima furaha.

Sasa kinachonikera mimi kama mtafiti ni waliopotea, yaani wale tulioandikisha halafu hatuwapati tena. Mtoto aliyezaliwa Kibirizi miaka 30 iliyopita leo yuko Dar, au kavuka ziwa, laini ya simu kabadilisha mara nne, utakayemkuta nyumbani ni yule ambaye hajahama, hajalazwa, hajafa, unampima huyo alafu unaandika eti kundi letu lina afya nzuri. Waliobaki ndo wana afya nzuri! Kwenye hesabu tunawapa uzito zaidi waliobaki wanaofanana na waliopotea, sawa, lakini hesabu hiyo inajua ya kabla hajapotea tu, yaliyomkuta baadaye haina. Dunedin wao wanawalipia nauli waliohama warudi kupimwa, wanabaki na zaidi ya asilimia 90. Sisi nauli ya mkusanya data tu ni kesi.

Na hata swali lenyewe silielewi siku hizi. Bibi wa Ujiji unamuuliza, kuanzia sifuri mpaka kumi umeridhika na maisha kiasi gani, anakujibu alhamdulillah. Mkusanya data mmoja anaandika 8, mwenzie 10. Mimi hizo nane nimeziingiza kwenye modeli ya takwimu, majibu yakatoka mazuri nikafurahi, na sijui nilipima kuridhika au adabu. Kuna mmoja nilishafunga fomu nanyanyuka ndo naona mguu umevimba, hajalala siku tatu.

"Bibi, mbona hukusema?"

"Hukuniuliza mguu, mjukuu wangu, uliniuliza maisha."