Tiba ya saikedeliki ni nini?

Mwambie mtu wa Unguja kuwa kuna madaktari wanaotibu ulevi kwa dawa za kulevya, atakuuliza: si ndiyo ile methadone ya hospitali ya Kidongo Chekundu? Siyo. Methadone hunywewa kila siku, ili aliyezoea heroini asishikwe na arosto. Katika tiba ya saikedeliki dawa hutolewa mara mbili tatu tu, na kazi kubwa ni mazungumzo.

Saikedeliki ni dawa zinazobadilisha kwa saa kadhaa namna mtu anavyoona, anavyohisi na anavyojifikiria. Maarufu ni LSD, na silosaibini iliyomo katika aina fulani za uyoga. Zote hushika vipokezi vya serotonini, kemikali inayopeleka ujumbe kwenye ubongo. MDMA (iitwayo pia ecstasy) na ketamini hutajwa pamoja nazo, ingawa zinafanya kazi kivyake. Ketamini si ngeni hospitalini: ni dawa ya nusukaputi.

Kwanza mgonjwa huandaliwa kwa vikao. Siku ya dawa hulala, kafunikwa macho, muziki unapigwa, wataalamu wako pembeni mpaka dawa imtoke. Baadaye hurudi kuyachambua yaliyomjia: anakunywa kwa nini, anakimbia nini. Ukiviondoa vikao hivyo, umebaki na mtu aliyelewa tu. Hapo ndipo wengi wanapoielewa vibaya.

Jambo lenyewe si jipya. Miaka ya 1950 madaktari wa akili Humphry Osmond na Abram Hoffer waliwapa walevi LSD huko Saskatchewan, Kanada. Katika utafiti wa New York uliochapishwa mwaka 2022, watu 93 walipata ushauri nasaha, wengine wakapewa silosaibini na wengine, kwa kulinganisha, dawa ya mzio. Waliopewa silosaibini walikunywa kupindukia takriban siku 10 katika kila 100, wenzao, 24. Tofauti kubwa, lakini karibu wote walikisia kwa usahihi dawa waliyopewa, na matumaini nayo huponya. Mimi ningesubiri tafiti zaidi.

Serikali nazo hazijakubaliana. Tangu Julai 2023 Australia inawaruhusu madaktari wa akili wenye kibali maalumu kuandika silosaibini kwa sonona iliyoshindikana, na MDMA kwa waliojeruhiwa nafsi na maafa. Marekani iliikataa MDMA kama tiba mwaka 2024.

Mwenye skizofrenia, maradhi ya akili yanayomfanya mtu asikie au aone yasiyokuwepo, au mwenye ugonjwa huo katika ukoo, kwa kawaida haingizwi kwenye majaribio haya, kwani dawa inaweza kumwamshia maradhi. Anayeuza uyoga mkavu ufukweni Nungwi kwa jina la tiba hatakuuliza habari za ukoo wako.