Damu nyeupe zikishuka si lazima iwe ukimwi

Shoga yangu wa Kongowea kanitumia picha ya karatasi ya maabara, WBC, yaani hesabu ya damu nyeupe, 3.4 na herufi L (ya chini) pembeni, akaandika "ndo basi tena, nimeukwaa". Hii imani tumekua nayo hapa Mombasa, ati damu nyeupe zikishuka ni ukimwi, zikipanda ni kansa. Sivyo. Damu nyeupe ni askari wa mwili, na ile karatasi inawahesabu tu, haisemi wanapigana na nani, na ukimwi una kipimo chake.

Kawaida huandikwa 4 hadi 11, yaani elfu 4 mpaka elfu 11 kwa maikrolita moja ya damu, lakini Waafrika wengi tuna jeni ya Duffy null, ile inayotukinga na malaria ya vivax, nayo hufanya neutrofili, aina moja ya damu nyeupe, zihesabike chache na wewe mzima kabisa, sasa vile viwango vingi vimetokana na damu za Wazungu si utaona L kila siku! Hata mafua huzishusha. Kupanda nako, mimba, jino bovu, dawa za steroidi, hata mbio za kuwahi feri.

Daktari ataangalia mchanganuo, yaani ni aina gani ya damu nyeupe iliyoshuka au kupanda, kisha arudie kipimo baadaye. Ila homa isiyokatika, kukonda au tezi kuvimba, hapo nenda mapema.

Na shoga mwenyewe, kumuuliza, kumbe alipimwa akiwa na mafua.