CP Haikuambii Nani Atashinda

Nimeulizwa mara nyingi mno kwa nini Slaking, mmoja wa wanyama wa mchezo wa simu wa Pokémon GO, hatumiki zaidi ilhali CP yake (namba ya nguvu ya mapambano) hufika 4431 katika leveli ya 40, na muulizaji huwa ameshaamua kwamba namba kubwa ni nguvu kubwa. CP hupatikana kwa kuzidisha shambulizi kwa kipeuo cha pili cha ulinzi, kwa kipeuo cha pili cha ustahimilivu na kwa mraba wa kizidisho cha leveli (namba inayokua leveli inapopanda), kisha kugawanya kwa 10 na kuacha desimali. Kila sifa ni namba ya spishi ikijumlishwa na IV yake, yaani nyongeza ya mnyama mmoja mmoja, kati ya 0 na 15. Mapigo hayamo, wala aina haimo; Slaking ana shambulizi la 290, lakini pigo lake la haraka ni Yawn, lenye nguvu 0. Tuendelee.

Linalonichosha zaidi ni imani kwamba mwenye 15/15/15, yaani IV kamili za shambulizi, ulinzi na ustahimilivu, ndiye bora hata katika Great League, ligi ya mapambano kati ya wachezaji ambako CP haivuki 1500. Tazameni fomula tena: shambulizi halikutolewa kipeuo. Ukiliongeza maradufu, CP nayo inakuwa maradufu, lakini ulinzi ukiongezeka maradufu CP huzidishwa kwa takriban 1.41 tu. Kwa hiyo, penye ukomo, shambulizi ni sifa ghali, na anayelipunguza hupata nafasi ya kupanda leveli. Mnyama aitwaye Registeel, wa 15/15/15, hukwama leveli ya 21 akiwa na CP 1468 na HP (uhai) 125, kwa kuwa nusu leveli inayofuata humfikisha 1503. Ndugu yake wa 0/15/15 hupanda hadi leveli ya 23.5, akawa na CP 1487, HP 132 na ulinzi halisi (sifa ikizidishwa kwa kizidisho cha leveli) wa takriban 194 badala ya 184. Anachopoteza ni shambulizi halisi, kutoka kama 97 hadi 93. Na bado kuna watu wanaowatupa wanyama kama huyu kwa sababu nyota za tathmini ya IV zao hazijatimia!

Hata hivyo, sitaki mbadilishe ibada moja kwa nyingine na kuanza kuabudu zao la sifa tatu, yaani shambulizi, ulinzi na uhai zikizidishwa pamoja. Zao hilo hufanya kana kwamba sifa zote zina thamani sawa katika kila pambano, jambo ambalo mimi mwenyewe siliamini kikamilifu, kwani madhara ya kila pigo huondolewa desimali kabla ya kuongezwa 1, na tofauti ndogo ya shambulizi yaweza kukupa pointi moja zaidi katika kila pigo la haraka au isikupe chochote, kutegemea mpinzani. Zaidi ya hayo, wapinzani wawili wakirusha mapigo makubwa kwa wakati mmoja, hutangulia mwenye shambulizi kubwa. Kwa Registeel nachagua ulinzi. Kwa spishi zinazotegemea kumaliza kazi mapema, naangalia kwanza nitakutana na nani.