Dar mpaka Nairobi kwa ndege: kilomita 665, sasa mbona tiketi inasema saa 1 na dakika 20?

Kazi yangu ni kupanga safari za ndege, yani njia, mafuta na hali ya hewa kabla rubani hajapanda, na hili swali naulizwa sana. Mtu anacheki mtandaoni anaona uwanja wa Julius Nyerere mpaka Jomo Kenyatta (JKIA) ni kama kilomita 665, jeti inakimbia 800 kwa saa, anagawanya anapata dakika 50, alafu tiketi inamwambia saa 1 na dakika 20 au zaidi. Anahisi kuna muda umefichwa hapo.

Haujafichwa. Muda wa tiketi unaanza ndege inapoondoka kwenye maegesho na unaisha ikishasimama kwenye maegesho ya kule, kwahiyo humo ndani kuna kuteksi, yani ndege kutembea ardhini kati ya maegesho na ranwei, kuna foleni ya kuruka, na JKIA ina ranwei moja tu, zinazotua na zinazoruka zote zinaisubiri hiyohiyo. Na hizo 665 ni mstari ulionyooka, njia yenyewe ina kona wakati wa kutoka na wakati wa kuingia.

Ila kinachokula muda kweli ni hiyo spidi ya 800, maana ndege inaipata ikishafika juu tu, na safari fupi kama hii huko juu haikai. Angalia kushuka, kwa makadirio ya haraka tunahesabu maili 3 za baharini kwa kila futi 1,000. JKIA iko kama futi 5,300 juu ya usawa wa bahari, so ukitokea futi 36,000 una kama 30,000 za kushuka, hizo ni maili 90 na kitu, kama kilomita 170 hivi, na kupanda kutoka Dar kunakula kilomita 200 au zaidi kutegemea uzito. Inayobaki ya kukimbia haifiki hata nusu ya safari! Hii ndo sehemu ninayoipenda kwenye hii ruti.

Ukipanda ATR 72, ile ndege ya mapangaboi, ni habari nyingine, yenyewe inaenda kama 500 kwa saa, tegemea kama masaa mawili. Kwa barabara kupitia Namanga ni kama kilomita 900, hiyo ni siku nzima.

Alafu ukienda Nairobi omba siti ya dirishani upande wa kushoto, Kilimanjaro inapita kama kilomita 30 tu kutoka kwenye ule mstari, mawingu yakiwa hayapo utaiona vizuri sana.

Kama unaunganisha ndege Nairobi, hesabu kuanzia saa ya kufika iliyoandikwa kwenye tiketi, saa za Dar na Nairobi ni zilezile, alafu ongeza muda wa kushuka na ukaguzi, na kama tiketi zako ni mbili tofauti ongeza pia uhamiaji, kusubiri begi na kucheki-in upya.