Darasani anajua, dukani anakwama: maneno yanayomsaidia mwanafunzi mwenye ulemavu wa akili kuhamisha stadi

Wazazi wengi wanaokuja kwetu hapa Moshi huleta lalamiko linalofanana. Mwalimu wa kitengo cha elimu maalumu anasema binti anazitambua pesa, anaomba kitu kwa adabu na anajua kusubiri chenji. Nyumbani, akitumwa sabuni dukani kwa Mangi, anatoa noti, anachukua sabuni na kuondoka. Mama anaona mwalimu anamfurahisha tu. Mwalimu naye anaona nyumbani hawamfuatilii mtoto. Kwa kawaida wote wawili wanasema kweli, na hakuna wa kulaumiwa. Binti amejifunza kununua, ila amejifunza kununua darasani.

Ulemavu wa akili ni hali inayoanza katika miaka ya makuzi. Inagusa uwezo wa kufikiri na kujifunza, na inagusa pia stadi za kila siku kama kuwasiliana, kujihudumia na kuishi na watu. Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni kwamba kwa wanafunzi wengi wa aina hii, kinachofundishwa hushikamana na mahali kilipofundishiwa. Meza ileile, sauti ya mwalimu yuleyule, pesa za mfano zilizokatwa kwenye boksi: vyote hivyo vinakuwa sehemu ya stadi. Mtoto mwingine huona mwenyewe kwamba duka la darasani na duka la Mangi ni kitu kimoja. Mwenye ulemavu wa akili anahitaji kufundishwa kuona hivyo, yaani kuihamisha stadi kutoka mahali pamoja hadi pengine, na hilo ni somo linalojitegemea.

Mwaka 1977 watafiti wawili, Trevor Stokes na Donald Baer, walipitia tafiti nyingi kuhusu mafunzo ya tabia na kuonyesha kwamba njia iliyozoeleka zaidi ilikuwa kufundisha na kisha kutumaini kwamba mwanafunzi ataitumia stadi kwingine. Walipendekeza mipango ya makusudi. Mmoja ni kumpa mwanafunzi mifano mingi inayotofautiana. Mwingine ni kumpa kitu cha kubeba kutoka mahali pa mafunzo hadi mahali pa kazi, na kitu kinachobebeka kirahisi kuliko vyote ni lugha. Mwalimu hawezi kufuatana na mwanafunzi hadi soko la Mbuyuni kila siku, na picha ya ukutani inabaki ukutani. Maneno anayojiambia mwenyewe anakwenda nayo popote.

Mtaalamu wa saikolojia wa Urusi, Lev Vygotsky, aliyefariki mwaka 1934, aliandika kwamba mtoto mdogo anapojisemesha kwa sauti akicheza, anajifunza kujiongoza, na baadaye maneno hayo huingia ndani na kuwa fikra. Mwaka 1971 Donald Meichenbaum na Joseph Goodman waligeuza wazo hilo kuwa hatua za kufundishia watoto wenye papara, na walimu wa elimu maalumu wakazichukua. Mimi huzifundisha kwa kazi moja ndogo, mfano kununua kipande cha sabuni, na nawasihi walimu na wazazi wasiharakishe.

Kwanza wewe unafanya na kusema, mtoto anatazama: “Nataka nini? Sabuni. Natoa pesa. Nasubiri chenji. Nimepata.” Sema kwa sauti ya kawaida, mkono wako ukifanya kile unachokisema. Kisha yeye afanye, wewe useme. Kisha afanye huku akisema mwenyewe kwa sauti. Hapa ndipo watu wengi huondoka mapema mno, kwa sababu mtoto ameshaweza na wanaona yatosha. Bakini hapo. Arudie hadi maneno yatangulie mkono, yaani aseme “nasubiri chenji” kabla hajageuka kuondoka, si baada ya kukumbushwa. Baadaye anayasema kwa kunong’ona, na mwisho anayasema moyoni. Hatua ya kunong’ona ina kazi nyingine inayogusa heshima yake. Kijana wa miaka 16 akisikika anaongea peke yake stendi, watu watamdhania vingine. Ana haki ya kujiongoza bila kutazamwa.

Maneno yawe machache, na yawe ya kwake. Usimpe sentensi ya kitabuni kama “sina budi kusubiri salio langu”. Msikilize anavyosema, uchukue neno lake. Kwa watoto wenye hali ya Down (Down syndrome, ambayo mtu huzaliwa nayo) hili ni muhimu zaidi, kwa kuwa wengi wao hushika vizuri wanachokiona kuliko msururu wa maneno wanayoyasikia. Kila sentensi iende na picha ndogo au ishara ya mkono, na masikio yapimwe mapema, maana matatizo ya kusikia ni ya kawaida kwao. Mtoto asiyesema kabisa haachwi nje. Mlolongo wa picha nne anazozigusa mfukoni, moja baada ya nyingine, unafanya kazi ileile.

Kwetu huku kuna suala la lugha ambalo mafunzo ya walimu hayaligusi sana. Darasani ni Kiswahili. Jioni mtoto yuko kwa bibi yake kule Kibosho au Marangu, na bibi anamsemesha Kichaga cha nyumbani. Mwalimu amemzoesha “nasubiri chenji”, bibi anamwambia jambo hilohilo kwa maneno mengine, na mtoto anaona ni mambo mawili. Ushauri wangu ni kwamba mwalimu na familia wakae pamoja, wachague lugha ambayo mtoto huitumia anapocheza peke yake, na wakubaliane maneno yaleyale, neno kwa neno. Wayaandike kwenye daftari la mtoto. Bibi, mjomba, dada wa kazi, wote wayatumie hivyohivyo. Kama lugha hiyo ni Kivunjo, yaani Kichaga cha upande wa Marangu, basi iwe Kivunjo, na mwalimu ajifunze sentensi hizo nne. Si nyingi.

Maneno yapelekwe mahali pengi tangu mwanzo, bila kungoja mtoto awe kamili darasani. Leo duka la jirani, kesho genge la nyanya, keshokutwa mama muuza ndizi sokoni. Pesa ziwe halisi: sarafu ya 200, ya 500, noti ya 1,000 na ya 2,000, kuukuu na mpya. Nimependa kuwashirikisha wenye maduka, wakielezwa wasimkabidhi chenji haraka bali wasubiri kidogo. Ukimya ule mfupi unampa mtoto nafasi ya kujikumbusha mwenyewe.

Kwa vijana wakubwa nafundisha maneno mapana zaidi, yanayofaa kazi yoyote. Mwaka 1989 Carolyn Hughes na Frank Rusch walieleza kazi yao na wafanyakazi wenye ulemavu mkubwa wa akili nchini Marekani, ambao kila tatizo dogo kazini lilikuwa likiwasimamisha. Walifundishwa kusema tatizo ni nini, kusema cha kufanya, kukifanya na kusema kimetengemaa, kisha kujipongeza. Wakaanza kutatua hata matatizo ambayo hawakuwa wamefundishwa. Kijana anayesaidia kufua au kufagia banda la kuku anaweza kutumia mpangilio huohuo: “Maji yameisha. Nachota mengine. Tayari. Safi.” Kipande hicho cha mwisho kisidharauliwe. Vijana hawa wamezoea kusifiwa na wengine tu, na asiyejisifu mwenyewe husimama pale msifuji anapoondoka.

Ipo hatari ambayo lazima niitaje bila kuficha. Mtoto akijifunza kuhamisha, anaweza kuhamisha hata pasipofaa. Aliyefundishwa kumtajia mwalimu jina lake na anapoishi anaweza kumtajia hayo mtu yeyote wa kwenye daladala. Aliyefundishwa kutii mkubwa atatii mkubwa mwenye nia mbaya, na watoto wenye ulemavu wa akili hudhulumiwa kwa urahisi. Kwa hiyo kila sentensi ya kufanya ifundishwe pamoja na ya kutofanya: “Huyu namjua? Simjui. Namwita mama.” Mfundishe hapohapo, kwa mifano ya watu halisi anaowajua na picha za asiowajua.

Tena, maneno hayafuti ulemavu. Ann Brown na wenzake, mwaka 1979, waliwafundisha wanafunzi wenye ulemavu mdogo wa akili kujipima kama wameshaikumbuka orodha ya vitu waliyopewa. Waliokuwa na umri mkubwa zaidi wa kiakili, yaani waliofikiri kama watoto wakubwa kidogo, waliendelea kuitumia njia hiyo mwaka mmoja baadaye, hata kwenye kukumbuka hadithi, kazi ambayo ilikuwa tofauti na ile ya mafunzo. Wale wenye umri mdogo wa kiakili hawakunufaika kiasi hicho. Kwa hiyo tumpime mtoto alipo, na tusimwekee mama matumaini yatakayomvunja moyo.

Namna ya kujua kama stadi imehama ni kumpeleka mahali ambapo hamjawahi kufanyia mazoezi, tuseme soko la Kiboriloni, kununua kitu ambacho hajawahi kununua. Mama asimame mbali, asiseme neno, asionyeshe kwa kidole. Atazame ni sentensi ipi iliyoanguka. Kama aliomba vizuri na kulipa vizuri lakini hakusubiri chenji, msianze upya yote manne. Rudini kwenye “nasubiri chenji” peke yake, kwa sauti, na muuzaji mwingine, siku hiyohiyo ikiwezekana.