Mtandao Ukikatika, Usitazame Angani

Juzi msibani mvua ilinyesha sana, na simu za watu wengi zikagoma kufungua picha. Mzee mmoja ninayemheshimu akatueleza kwamba mawingu yameziba setilaiti, na vijana wote wakaitikia. Nimefanya kazi ya mitandao miaka kumi na saba. Maelezo haya nimeyasikia kwenye daladala, benki, hata kwa ofisa aliyekuwa akiandaa bajeti ya kununua huduma yenyewe. Msibani si mahali pa kubishana na mkubwa, nikanyamaza. Ndiyo maana leo naandika.

Chanzo cha imani hii nakielewa. Dishi la televisheni liko juu ya bati, mvua ikizidi picha zinaganda, basi mtu anaona intaneti nayo ni vivyo hivyo. Na kabla ya 2009 angekuwa sahihi, maana pwani yetu yote ilikuwa ikiishi kwa VSAT, yaani intaneti ya setilaiti inayopokelewa kwa dishi dogo. Setilaiti zile hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ombi lako lipande na kushuka, jibu nalo lipande na kushuka: karibu nusu sekunde imeshapotea, hata kama seva, ile kompyuta inayokujibu, haikukawia. Waliopiga simu za intaneti enzi hizo wanakumbuka walivyokuwa wakikatizana maneno.

Julai 2009 mkongo wa SEACOM, kebo ya intaneti iliyolazwa chini ya bahari, ukawashwa. TEAMS, unaotoka Mombasa hadi Fujairah, ukafuata mwaka huohuo, na EASSy ukaja 2010. Kwenye kina kirefu mkongo una unene wa mpira wa kumwagilia bustani, na ndani yake zimo nyuzi za kioo nyembamba kama unywele. Wala bahari yetu haikuanza jana kubeba habari: mwaka 1879 waya wa telegrafu ulishushwa kutoka Aden hadi Zanzibar, ukaendelea Msumbiji mpaka Durban. Starlink? Ni setilaiti kweli, zinazozunguka chini zaidi, kama kilomita 550, lakini nazo hushusha data kwenye kituo cha ardhini, na kuanzia hapo ni faiba, zile nyuzi za kioo.

Kinachonichoma hasa ni kauli ya wanaojua kidogo: "Tuna mikongo mingi, mmoja ukikatika tunahamia mwingine." Tarehe 12 Mei 2024 SEACOM na EASSy ilikatika siku moja, baharini upande wa Durban, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Njia ya kaskazini ya SEACOM nayo ilikuwa imeshakatika tangu Februari, kwenye Bahari ya Shamu. Mikongo miwili yenye majina mawili na ankara mbili, ikipita jirani kwa jirani kwenye sakafu ya bahari, hukatwa na balaa moja. Kwa hiyo ukikaa na muuzaji usimuulize ana mikongo mingapi. Mwambie akuchoree ramani.

Nami nilishamshauri mteja anunue kwa kampuni mbili tofauti, nikaamini nimemaliza kazi. Siku ile alizimika kote kuwili. Sasa wateja wadogo wananiuliza kama walipie njia ya tatu, ambayo huenda ikakaa miezi bila kuguswa, na kila ninapojibu ndiyo nabaki na wasiwasi kama nimewatendea haki.

Halafu watu wakashangaa kwamba hata tovuti za hapahapa zilikwama. Seva zake ziko Ulaya, zisikwame vipi? Mtu wa Kariakoo anafungua tovuti ya duka la Kariakoo, na ombi lake linavuka bahari kwenda na kurudi. Ugonjwa huu ni wa zamani. Nairobi, kabla ya watoa huduma kuwa na mahali pa kubadilishana data, barua pepe ya jengo la jirani ilizunguka ng'ambo kwa setilaiti. Kituo chao, KIXP, kilianzishwa mwaka 2000, kikafungwa mapema kwa malalamiko ya aliyekuwa na haki ya pekee ya kupitisha mawasiliano ya kimataifa, kikafunguliwa tena 2002. Dar nasi tuna TIX, kituo cha namna hiyohiyo. Ila kituo hakimsaidii mtu aliyeweka seva yake Frankfurt kwa sababu ni rahisi, na kwa bei zetu siwezi kumlaumu.

Sasa kuhusu ile mvua. Minara mingi haijafikiwa na faiba. Inarushiana data kwa maikrowevu, yaani mawimbi ya redio, mnara kwa mnara, na kwenye masafa ya juu matone mazito ya mvua hulila wimbi hilo mpaka kiungo kinadhoofika au kinakatika kabisa. Mvua ikipungua, kinarudi chenyewe. Yawezekana kabisa ndicho kilichotokea pale msibani. Nikimkuta mzee kwenye arobaini nitaanza na hilo, kwamba kuhusu mvua alikuwa sahihi.